Mama Rudia, Aliyewaandikia Waliokosa

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu asubuhi hii mkaja kusimama nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kati ya watoto wanne, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, kazi ambayo niliikwepa mara mbili kwa sababu mtakazozisikia mbele, mpaka binti yake aliponiambia, "Mjomba, wewe ndiye uliyewahi kukosana naye, kwa hiyo wewe hutampamba," nami nikaikubali.

Dada yetu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, saa tisa alasiri, katika nyumba ya pili nyuma ya kituo cha kusukuma maji, akiwa kifungua mimba wa fundi bomba na mkewe mshona nguo, ambao wote wawili wametangulia. Baba alikuwa mtu wa kimya, aliyeweza kutengeneza bomba la nyumba nzima na kuondoka bila kusema zaidi ya "limepona", na mama alikuwa mtu wa maswali, aliyemuuliza mteja anataka gauni la kwenda wapi kabla hajampima kiuno, na dada alirithi kwa wote wawili, ukimya wa baba alipokuwa anasikiliza na maswali ya mama alipomaliza kusikiliza. Tulikua katika vyumba viwili na jiko lililokuwa na dirisha dogo kama kitabu, tukalala wanne kwenye kitanda kimoja, na yeye alilala ukingoni upande wa mlango, akisema kwamba mkubwa kazi yake ni kuzuia upepo.

Alianza shule ya msingi Januari 1958 na kuimaliza mwaka 1964, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1965 hadi 1970, ambako alikuwa kiranja wa maabara na aliwahi kuadhibiwa mara moja tu, kwa kosa la kumwambia mwalimu kwamba jaribio aliloliandika ubaoni haliwezi kutoa jibu aliloliandika chini yake, na baada ya kufagia uwanja siku tatu akarudi darasani, wakalifanya lile jaribio, na mwalimu akafuta ubao. Julai 1971 alijiunga na chuo kikuu kusomea kemia, akahitimu mwaka 1974, katika darasa la watu thelathini na mmoja ambamo wanawake walikuwa watatu, kisha akafundisha sekondari kwa miaka mitatu.

Hapa naomba nitue kidogo, kwa sababu kilichompata mwaka 1976 ndicho kilichomfanya awe mtu mliyemjua. Ndugu yetu wa tatu alikuwa anakohoa kila msimu wa mvua, mama alipopika ndani na mlango umefungwa, na dada alianza kujiuliza kama moshi wa jikoni una mkono wake katika kikohozi kile, akatundika vipande vya kitambaa cheupe katika majiko kumi na manne ya mtaa wetu, kwa ruhusa ya wenye majiko, akavipima kila Jumapili, akaandika ombi la utafiti la kurasa ishirini na mbili, akalipeleka kwa ofisi iliyokuwa inatoa fedha za utafiti wakati ule, ofisi ambayo leo haipo tena. Alisubiri miezi minane, na jibu lilipokuja lilikuwa mstari mmoja uliopigwa chapa, unaosema ombi lako halikufanikiwa, basi. Alikwenda pale ofisini mara nne kuuliza amekosea wapi, si kulalamika, kuuliza tu, na mara ya nne karani mmoja alimhurumia akamwambia, "Dada, sisi hapa tunaandika majibu, sababu haziandikwi." Alirudi nyumbani, akavitoa vitambaa vyake jiko hadi jiko, akavifua, na mama akavishona kuwa leso. Miaka mingi baadaye alituambia kwamba kukataliwa hakukumuuma kama kutojua, maana aliyejikwaa gizani, alisema, hata akiinuka hajui aruke nini.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa katika Akademia ya Taifa, ikiwa na miezi mitatu tangu kufunguliwa, na kwa wale ambao hamkupata kuijua, Akademia ni baraza la wasomi waliochaguliwa na wasomi wenzao, ambalo kazi yake ni kutafuta fedha za utafiti na kuwapa wanaostahili, kuchapisha walichokipata, kutunza maktaba ambayo mtu yeyote anaingia bila kuulizwa ana cheti gani, kuishauri serikali inapouliza na mara nyingine isipouliza, na kuwaeleza wananchi mambo yanayojulikana kwa lugha wanayoielewa. Jengo lao lilikuwa la ghorofa mbili, zamani ofisi ya bima, na chumba alichopewa dada kilikuwa chini ya ngazi, hivi kwamba kila mkubwa aliyekwenda mkutanoni alimkanyaga juu ya kichwa, na kazi yake ilikuwa kufungua bahasha za maombi, kuyapeleka kwa wasomaji watatu watatu ambao majina yao yalikuwa siri, kukusanya maoni yao, na mwisho kutuma majibu. Waliopata walipelekewa barua iliyotiwa saini na katibu mkuu, na waliokosa walipelekewa fomu iliyochapwa tayari, yenye nafasi ya kujaza jina, na katika mwaka wake wa kwanza alijaza majina mia mbili na kumi na mawili.

Januari 1979 alipanda ngazi kwenda kwa katibu mkuu, mzee mtaalamu wa nyota, aliyekuwa mpole lakini mwenye kuogopa ugomvi kama mtu anayeogopa mvua akiwa na kanzu nyeupe, akamwomba ruhusa ya kuwaandikia waliokosa sababu za kukosa kwao, kwa kuwa maoni ya wasomaji yalikuwa mle mle ndani ya mafaili, yanaliwa na mende. Mzee alimwambia, "Tukianza kutoa sababu, tutagombana na nchi nzima." Dada akamjibu, "Mzee wangu, tusipozitoa, nchi nzima itaacha kutuandikia." Mzee akatazama nje, akasema ajaribu msimu mmoja, lakini nje ya saa za kazi, na barua yoyote ikileta balaa, balaa hilo ni la dada peke yake.

Basi alianza. Alikuwa anasoma ombi lote, anasoma maoni ya wasomaji watatu, anaondoa majina, anaondoa kejeli, maana wasomi wakijua hawaonekani huwa na ulimi mkali, kisha anaandika barua ya kurasa mbili au tatu kwa Kiswahili cha mtu na jirani yake, akieleza kilichopendeza, kilichokosekana, na kinachoweza kurekebishwa, na mwisho wa kila barua, badala ya salamu zile za kiofisi, aliandika neno moja, "Rudia." Tarishi aliyezipeleka posta ndiye aliyempa jina la Mama Rudia, akaitwa mama kabla hajaolewa wala kuzaa, na jina likamganda hata watoto wake walipokuwa wanapiga simu ofisini walilazimika kuuliza, "Mama Rudia yupo?"

Tuje kwenye ndoa, ambayo nayo ilitokana na barua. Siku ya Jumanne, tarehe 3 Aprili 1979, saa tatu asubuhi, mtafiti mmoja wa udongo aliingia chumba cha chini ya ngazi akiwa na barua yake mkononi na hasira zake usoni, kwa sababu dada alikuwa amemwandikia kwamba swali lake ni mbuzi watatu waliofungwa kamba moja, kila mmoja anavuta kwake, afungue wawili amfuate mmoja, na yule bwana alikuja kusema kwamba marehemu baba yake alikuwa mchunga mbuzi na hakuwahi kufanya upuuzi wa namna hiyo. Dada alimwambia aketi, wakalifungua ombi ukurasa kwa ukurasa, na ilipofika saa tisa na nusu, ofisi ikifungwa, yule bwana alikuwa amebaki na mbuzi mmoja. Aliomba tena mwaka uliofuata, akakosa, akaja tena kuuliza, na inasemekana kwamba mara hiyo maswali yake hayakuwa ya udongo peke yake. Alipotaka kuomba mara ya tatu, alikuwa ameshamposa dada, na dada alipanda tena ngazi kumwambia katibu mkuu kwamba tangu siku ile hawezi kugusa faili la mtu huyo, wala kukaa chumba kimoja na wanaolijadili, na mzee wa nyota akaona jambo hilo ni jema, akalifanya kanuni, kwamba mtumishi yeyote asiguse faili la jamaa yake, na likifungwa asilisome mpaka ipite miaka mitatu. Yule bwana alipata fedha zake mwaka 1981, kwa haki yake mwenyewe, na ndoa ikafungwa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba mwaka huo huo, naye ndiye shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, ambaye ameishi na marehemu miaka arobaini na mmoja na nusu, na ambaye jana usiku aliniomba nisisahau kusema kwamba habari ya mbuzi hajaikubali mpaka leo.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1983, ambaye ni daktari wa mifugo, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 7 Februari 1986, ambaye ni fundi wa lifti, pamoja na wajukuu watano. Nyumbani marehemu hakuwa mkali, lakini hakujua kusema hapana tupu, na mwanawe anakumbuka kwamba alipotaka baiskeli akiwa na miaka tisa alikataliwa kwa maandishi, akaelezwa kwamba hajaonyesha itawekwa wapi mvua ikinyesha wala nani ataweka upepo, akarudia mara nne, na ya nne akapata, na baiskeli ikawekwa chumbani kwa wazazi.

Mwaka 1984 Akademia ilimwongezea kazi ya mihadhara ya wazi, iliyotokana na wazo kwamba anayepewa fedha za umma arudi kuwaeleza umma alichokipata, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, na mhadhara wa kwanza, wa tarehe 10 Mei, ulikuwa na wasikilizaji kumi na mmoja, sita kati yao wakiwa watumishi walioambiwa wasiondoke. Dada alisema kwamba kisima kikikosa watu, si watu wenye kosa, akaitoa mihadhara kwenye ukumbi wa ghorofani na kuipeleka kwenye bwalo la shule, kwenye gereji ya mabasi, kwenye chumba cha kusubiria zahanati, na katika soko la mboga baada ya saa za biashara. Ni katika mhadhara mmoja wa sokoni ambapo mtafiti wa maji ya visima alizungumza saa nzima, kwa michoro mizuri, akieleza vijidudu vya aina saba, na alipomaliza, mama mmoja mfua nguo alinyanyua mkono akasema, "Baba, nimekusikiliza vizuri sana, sasa mimi nichemshe au nisichemshe?" Mtafiti alianza kujibu, akasita, akaanza tena, akakiri mbele ya watu kwamba utafiti wake haukuuliza hilo, na dada, aliyekuwa mwenyekiti, hakumtetea wala hakumwaibisha, alimwomba tu aliandike swali lile kama lilivyotamkwa. Ilimchukua miaka miwili na ombi la pili kulijibu, na jibu lile, la kuchemsha maji ya visima virefu vipi na vifupi vipi, lilichapwa kwenye kikaratasi cha ukurasa mmoja, na wengi wenu mlikibandika ukutani.

Sasa nifike mahali pangu. Mwaka 1993 nilikuwa mwalimu wa hesabu wa miaka tisa kazini, na nilikuwa nimechoka kuona watoto wa darasa la tano wakifika kwenye sehemu, nusu na robo na theluthi, wanakata tamaa na hawaipendi hesabu tena mpaka wazeeke, nikaandika ombi la utafiti kwenda Akademia, na sitawaficha, niliandika nikiwa na hakika, kwa kuwa dada yangu alikuwa pale, na mke wangu alikuwa ameshawaambia majirani. Dada alipoona jina langu kwenye bahasha aliipeleka juu bila kuifungua, kama kanuni ilivyotaka, na mwenzake aliyepaswa kuliandikia faili lile alikuwa katika likizo ya uzazi, likaangukia kwa karani wa muda ambaye hakuelekezwa, akafungua kabati, akakuta mabaki ya zile fomu za zamani, akajaza jina langu. Kwa hiyo barua ya tarehe 30 Septemba 1993 iliyonifikia mimi, ndugu yake Mama Rudia, tumbo moja, ilikuwa ya mstari mmoja.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake, nikamkuta anaanika nguo, nikamwambia, "Umewaandikia watu elfu moja usiowajua, mdogo wako umemnyima hata ukurasa mmoja." Alisema hajalisoma faili langu, hajui sababu, na hawezi kuzitafuta, na mimi nilimwona ana kiburi cha ofisi, nikaondoka, na sikumsemesha tena kwa miaka mitatu na miezi saba. Mama yetu alipofariki tarehe 22 Agosti 1995 tulikaa katika nyumba moja siku nne, tukipokea wageni wale wale, na nilimpitishia ujumbe kupitia kwa mke wangu, hata ule wa kumuuliza mama azikwe na shuka gani. Nalisema hili mbele yenu kwa sababu liliandikwa kwenye rasimu, nikalifuta, na binti yake akalirudisha kwa kalamu nyekundu.

Siku ya Jumapili, tarehe 18 Mei 1997, saa tatu asubuhi, alibisha mlango wangu, akiwa peke yake, na miwani yake, na daftari. Alikaa kwenye meza ya jikoni, akasema, "Miaka mitatu ya kanuni iliisha Septemba. Hii miezi saba iliyozidi ilikuwa ya woga wangu. Lete ombi lako tulisome." Nilikuwa na nakala yake kwenye sanduku la vyeti, nikaileta, na tukalisoma mpaka saa kumi jioni, mke wangu akituletea chai na kuondoka kwa kunyata kama mtu anayepita karibu na mgonjwa. Alinionyesha mambo mengi madogo, akayaandika, kisha akafunga kurasa zote, akasema polepole, "Umeandika kurasa kumi na nane za watoto, na hakuna mtoto hata mmoja anayesema kitu." Nilitaka kubisha, nikalifungua tena ombi langu toka mwanzo nikimtafuta mtoto, na hakuwamo. Sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno yaliyonyooka, siku ile wala baadaye, nilimsindikiza tu mpaka kituo cha basi nikiwa nimembebea daftari lake, na yeye aliniacha nilibebe.

Mwaka uliofuata niliomba tena, nikakosa tena, na safari hii nilipata barua ya kurasa mbili iliyoandikwa na karani mwingine aliyefundishwa na dada, nikaisoma nikakubali kila mstari, kisha nikafanya kile nilichoweza bila fedha za mtu, nikakaa na watoto kumi na tisa wa darasa langu, mmoja mmoja, nikiwaomba wanieleze robo ni nini, nikiandika wanavyosema, na mwaka 2002 nilisimama katika mhadhara wa Alhamisi, kwenye bwalo la shule yangu, kueleza nilichokisikia. Marehemu alikaa mstari wa tatu. Aliniuliza swali gumu kuliko wote.

Kazi yake haikuwa ya sifa tupu, na mwaka 2003 ilimfikisha pabaya, pale alipomwandikia mkurugenzi mmoja mkubwa kwamba takwimu alizosema ni za vijiji arobaini zinaonekana kutoka vijiji sita tu, na kwamba vile thelathini na vinne hakufika, na mkurugenzi akaipeleka barua hiyo wizarani akidai ametukanwa na karani. Baraza la Akademia lilikutana siku ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2003, kuamua kama wairudie fomu ya mstari mmoja, na dada aliitwa, akapewa dakika kumi, akatumia nne. Aliwaambia kwamba tangu mwaka 1979 zimeandikwa barua elfu mbili mia tatu na kumi na sita, kwamba mia tisa na wanne kati ya walioandikiwa walirudia, na kwamba mia tatu sabini na saba walipata, kisha akasema, "Hao mia tatu sabini na saba mnawasoma kwenye majarida yenu. Mngewapa mstari mmoja, leo msingewajua." Alipotakiwa kumwomba radhi mkurugenzi alikubali, akasema kweli amekosea neno moja, alipoandika "hukufika" angepaswa kuandika "haionekani kwamba ulifika", na kwamba mengine yote yabaki. Walipiga kura, barua zikapona kwa kura tisa dhidi ya saba, kwa sharti kwamba kila barua isomwe na mtu wa pili kabla ya kutumwa, na yeye akapewa onyo la maandishi ambalo liko katika faili lake mpaka leo. Shemeji anasema kwamba alipofika nyumbani jioni ile alilisoma lile onyo, akalisifu kwa kuwa na sababu, akalala mapema, na kwamba katika usingizi alimshika mkono kwa nguvu mpaka asubuhi.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2011, baada ya miaka thelathini na tatu na miezi miwili, chumba chake kikiwa kile kile cha chini ya ngazi, alichokataa kuhamishwa kwa maelezo kwamba akiwa pale anajua nani amechelewa mkutanoni, na baada ya hapo aliendelea kwenda kila Jumatano kuwafundisha makarani wapya, akiwaambia kwamba barua ya kumkatalia mtu isomwe kwa sauti kabla ya kutumwa, na kama huwezi kuisoma ukimtazama usoni, iandike upya.

Kuhusu ugonjwa, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka mwishoni mwa mwaka 2016, na Oktoba 2017 madaktari walithibitisha kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ambao dawa huupunguza mwendo lakini haziuzuii, na kufikia mwaka 2019 hakuweza tena kushika kalamu, ikawa anatamka na shemeji anaandika, na alilalamika kwamba mwandishi wake anaongeza maoni yake mwenyewe kuhusu udongo. Septemba 2022 alianguka bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, akatembea tena kwa fimbo, lakini nguvu hazikurudi zote, na tarehe 27 Mei mwaka huu alilazwa kwa homa ya mapafu, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Siku zile kumi na nne alizungumza kidogo, alitambua watu wote, aliuliza habari za wajukuu kwa majina yao, na siku ya Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alikata roho, mumewe na binti yake wakiwa kando yake, na mimi nikiwa nimeshuka chini kununua maji ya kunywa, nilirudi nikakuta pazia limevutwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa anamsuka nywele bila kuombwa, inawashukuru majirani walioleta viti, sufuria na miili yao wenyewe usiku wote huu, inawashukuru wanabaraza na watumishi wa Akademia, na tarishi mstaafu ambaye amesafiri siku nzima kufika hapa. Tunawashukuru pia wote ambao marehemu aliwahi kuwakatalia, ambao nimeambiwa mpo wengi, na mratibu wa mazishi haya alitaka nikuombeni msimame mtambulike, lakini nimetazama mkusanyiko huu nikaona mkisimama ninyi, watakaobaki wameketi ni watoto tu, na shemeji ingebidi asimame mara mbili.

Tangazo la mwisho ni la Akademia, nao wameniomba nilisome kama walivyoliandika, kwamba mhadhara wa Alhamisi hii, tarehe 15 Juni, saa kumi na moja jioni, ulikuwa uahirishwe kwa heshima ya msiba, lakini familia imeomba usiahirishwe, kwa hiyo utakuwepo kama kawaida, katika chumba cha kusubiria cha zahanati, mzungumzaji ni kijana mtafiti wa kikohozi cha watoto wadogo, hakuna kiingilio, na wenye maswali wanaombwa waje nayo.

Dada, wewe uliyelala upande wa mlango ili sisi tusipigwe na upepo, sasa pumzika, na amani ikae nawe.